Kiyoyozi cha Boti Kinachopoza Lakini Hakileti Joto

Kazi yangu ni kutengeneza viyoyozi vya boti mjini Annapolis, katika jimbo la Maryland nchini Marekani. Kila mwaka, maonyesho makubwa ya boti ya Oktoba yakishamalizika na upepo wa kaskazini ukianza kuvuma juu ya Ghuba ya Chesapeake, simu ninazopigiwa hubadilika ghafla. Miezi yote ya kiangazi watu hulalamika kwamba mashine haipozi. Sasa wanalalamika kwamba mashine ile ile, iliyopoza vizuri hadi majuma machache yaliyopita, imekataa kuleta joto. Ninaandika haya kwa ajili ya mafundi wenzangu wanaozungumza Kiswahili, walioko huku na walioko nyumbani, kwa sababu tatizo hili huwamaliza watu fedha bila sababu, ilhali mara nyingi chanzo chake hupatikana kwa mikono, masikio na mita ya umeme kabla mtu hajaigusa chupa ya gesi ya kupozea.

Ufundi wa friji nilijifunzia Mombasa, ambako maji ya bahari hukaa kati ya nyuzi 25 na 29 za sentigredi karibu mwaka mzima, na ambako hakuna mteja anayekuja kuomba apashiwe chumba joto. Huko kiyoyozi kilikuwa na kazi moja tu. Chesapeake ni bahari ya namna nyingine kabisa: mwezi wa Julai maji yake hufika nyuzi 26 au zaidi, na mwezi wa Februari hushuka hadi nyuzi 3 au 4, huku vijito vyake vikishika barafu kingoni. Mashine moja iliyofungwa chini ya kitanda cha boti hutakiwa ihudumie hali zote hizo mbili.

Tofauti na kiyoyozi cha nyumbani, kile cha boti hakina kasha la nje lenye feni tulilozoea kuliona ukutani. Mahali pake huchukuliwa na maji ya bahari. Pampu ndogo, iliyofungwa chini ya usawa wa maji, huvuta maji kupitia tundu lililo chini ya boti, huyapitisha kwenye chujio, kisha katika koili ya mabomba mawili, moja ndani ya jingine, lile la ndani kwa kawaida likiwa la mchanganyiko wa shaba na nikeli, halafu huyamwaga nje ubavuni. Kiangazi, gesi hulichukua joto la chumbani na kulikabidhi kwa maji hayo. Majira ya baridi, valvu ya kugeuza hubadilisha njia ya gesi, na koili ya chumbani iliyokuwa baridi inakuwa ndiyo ya moto, wakati koili ya maji inakuwa baridi kuliko bahari yenyewe na kuanza kuchota joto kutoka humo. Bahari yenye nyuzi 10 humfanya mtu atetemeke, lakini gesi iliyoshuka hadi nyuzi 2 bado inapata joto la kuchota ndani yake.

Jambo lililonisaidia kuliko yote katika kazi hii linatoka hapo. Mashine inayopoza vizuri imekwishatoa ushahidi kwamba kompresa yake inasukuma, feni inazunguka, pampu inavuta maji na kapasita, kile kifaa kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka, ni nzima. Fundi anayeanza kuvitilia shaka vitu hivyo tena anajitafutia kazi isiyokuwepo. Vinavyobaki ni vile ambavyo joto peke yake linavihitaji: amri ya joto kutoka kwenye themostati, umeme unaofika kwenye koili ya solenoidi, ile sumaku ya umeme inayoiongoza valvu ya kugeuza, valvu inayosogea kweli, hewa ya kutosha kupita kwenye koili ya chumbani, na maji yenye joto la kuchotwa. Kwa hiyo naanza kwa kuiendesha mashine kwa baridi, ikiwa hali ya chumba inaruhusu, hata kama mwenye boti amevaa koti zito na ananishangaa. Ipo hadhari moja hapa ambayo ni lazima niitaje. Gesi ikiwa imepungua kidogo, mashine inaweza kupoza kwa kuridhisha Septemba, maji yakiwa na nyuzi 22 na mchana ukiwa wa wastani, kisha ikashindwa kuleta joto Novemba maji yakifika nyuzi 9. Kipimo cha baridi hupunguza sana orodha ya washukiwa, lakini hakiisafishi yote.

Baada ya hapo ninamuuliza mwenye boti mashine inatoa nini hasa, na sikubali jibu la kwamba haifanyi kazi. Mashine inayotoa hewa baridi zaidi kila unapoiomba joto ina valvu iliyobaki upande wa baridi. Inayotoa hewa vuguvugu isiyo moto wala baridi, huku kompresa ikinguruma, huenda valvu yake imesimama katikati au gesi imepungua. Inayoleta joto zuri kwa dakika chache kisha ikazima na kuonyesha hitilafu ya presha kubwa, hiyo inakosa hewa. Isiyowasha kompresa kabisa ina shida ya themostati, sensa au umeme. Nimeona mara kadhaa themostati iliyowekwa kwenye mpangilio wa kupoza tu, kwa sababu mtu aliugusa wakati wa kiangazi na hakukuwa na sababu ya kuugusa tena. Vilevile ni vizuri kufungua kifuniko na kuhakikisha kwamba valvu ya kugeuza ipo, maana kuna viyoyozi vya boti vinavyouzwa kwa kupoza pekee, na mtu aliyenunua boti kuukuu huenda hajui alichonunua. Valvu hiyo ni rahisi kuitambua: ni silinda fupi ya shaba iliyolala, yenye bomba moja upande mmoja na mabomba matatu upande wa pili, na juu yake imebebwa koili ndogo nyeusi yenye nyaya mbili.

Koili hiyo ndogo ndiyo iliyonikutanisha na mama mmoja, mwalimu mstaafu, aliyekuwa akiishi mwaka mzima ndani ya boti ya futi 38. Fundi mwingine alikuwa ameshamwambia anunue kiyoyozi kipya, kwa bei ambayo ingemla akiba ya miezi mingi. Mashine yake ilipoza barabara. Nilipoomba joto, kompresa iliwaka baada ya dakika zake tatu za kusubiri, lakini sikusikia ule mlio mfupi wa gesi kugeuka njia, mlio ambao fundi akishauzoea hauwezi kumpita hata akiwa ameinamisha kichwa chini ya kitanda. Niliigusa nati iliyoshikilia koili ya solenoidi kwa ncha ya bisibisi nyembamba, na haikutetemeka wala kuvutwa. Kwenye bodi ya umeme mita ilionyesha volti 118 zikitoka kuelekea kwenye koili. Kwenye koili yenyewe hapakuwa na kitu. Kati ya hapo na hapo palikuwa na kiungo cha waya kilichopita karibu na ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ya boti yanakokusanyika maji, na nilipokivuta kikaachia unga wa kijani wa shaba iliyoliwa na chumvi. Nilikata sehemu iliyooza, nikafunga kiungo kipya cha aina inayoziba maji kwa gundi yake ya ndani, nikakiinua mbali na ngama na kukifunga kwenye ubao. Dakika chache baadaye yule mama alikuwa ameweka mikono yake yote miwili mbele ya hewa ya moto. Sikumuuzia kitu zaidi ya kiungo na muda wangu, na ninaamini hivyo ndivyo alivyostahili kutendewa tangu mwanzo.

Katika viyoyozi vingi vya boti koili hiyo hupewa umeme wakati wa joto na hukaa bila umeme wakati wa baridi, na ndiyo maana ikifa, mashine huendelea kupoza kana kwamba hakuna lililotokea. Umeme ukiwa unafika na koili haina mvuto, izime mashine, chomoa nyaya na upime ukinzani. Ikiwa mita haionyeshi njia yoyote, koili imekatika ndani na hubadilishwa bila kugusa gesi. Usiivute koili kutoka kwenye shina lake ikiwa na umeme ili kujaribu mvuto wake, kwani koili ya umeme wa mkondo geu isiyo na chuma katikati hupata moto haraka na kuungua.

Pengine koili ina mvuto mzuri lakini valvu haisogei. Hapa inafaa kujua kwamba solenoidi haina nguvu ya kuisukuma valvu kubwa. Kazi yake ni kufungua vijibomba vyembamba vinavyoelekeza presha, na tofauti ya presha kati ya upande wa kusukuma na upande wa kuvuta ndiyo inayokitelezesha kipande cha ndani. Kipande kilichokaa upande mmoja tangu Mei hadi Oktoba hunata. Ninaiacha kompresa ijenge presha kwanza, kisha nabadilisha amri kutoka joto kwenda baridi na kurudi, mara kadhaa, nikiheshimu kila mara muda wa kusubiri wa kompresa. Isiposogea, naigonga silinda kwa mpini wa plastiki wa bisibisi, kwa wepesi, wakati koili ina umeme na kompresa inafanya kazi. Atakayeigonga kwa nyundo ya chuma ataibonyeza silinda, na hapo kipande cha ndani hakitasogea tena daima.

Vidole husema mengi katika hatua hii, ingawa ni lazima viguse kwa hadhari, kwani bomba linalotoka kwenye kompresa linaweza kumbabua mtu. Mashine ikiwa kwenye joto na valvu ikiwa nzima, bomba la peke yake ni la moto sana, moja la pembeni kati ya yale matatu, linalokwenda kwenye koili ya chumbani, nalo ni la moto, na la katikati pamoja na la pembeni lililobaki ni baridi. Ukikuta la katikati lina joto linalokaribia yale ya moto, valvu imesimama nusu njia au imechakaa, na gesi ya moto inarudi moja kwa moja kwenye kompresa bila kufika chumbani. Valvu ya namna hiyo hubadilishwa, na ni kazi ya kuchomea kwa moto wa gesi mahali pembamba ambapo mtu hulala ubavu. Ndani yake mna kipande cha plastiki ngumu kisichostahimili moto huo, kwa hiyo silinda hufungwa kwa tambara lililolowa maji, na tambara hilo huloweshwa tena na tena hadi kiungo cha mwisho kipoe.

Kijana mmoja kutoka Tanga aliyekuwa akijifunza kazi pamoja nami alikuwa na desturi tuliyoizoea sote nyumbani. Kila tulipofungua kifuniko aliuliza, "Fundi, nifunge geji?", yaani vile vipimo vya presha ya gesi. Nami nilimjibu, "Ngoja kwanza, mdogo wangu, bado mashine haijakwambia kwamba ina njaa." Viyoyozi vidogo vya boti vinavyokuja vikiwa kipande kimoja hujazwa kiwandani gesi iliyopimwa kwa uzito, na kiasi chake ni kidogo hivi kwamba hata ile inayobaki ndani ya mipira ya geji hubadilisha hesabu. Mfumo huo umefungwa. Gesi haiishi kama mafuta ya gari, na ikiwa imepungua, kuna mahali inapovuja panapotakiwa kutafutwa kwanza. Hapa Marekani fundi haruhusiwi kisheria kuugusa mzunguko wa gesi bila cheti cha Kifungu cha 608 cha Sheria ya Hewa Safi, kinachosimamiwa na mamlaka ya mazingira ya serikali kuu, na kuiachia gesi hewani kwa makusudi ni kosa. Boti kuukuu bado zina gesi ya aina ya R-22, ambayo utengenezaji na uingizaji wake nchini humu ulikoma tarehe 1 Januari 2020, na bei yake inaonyesha hivyo. Zilizofuata zina R-410A, yenye presha inayozidi ile ya R-22 kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo geji na mipira ya zamani haifai kwake.

Kuhusu hewa, mafundi wengi waliofunzwa kwenye kupoza hupotea njia kwa sababu wanasoma hitilafu ya presha kubwa kwa namna ile ile wakati wote wa mwaka. Kiangazi, hitilafu hiyo hutokana na maji: chujio limejaa majani au yavuyavu, tundu la chini limezibwa na mfuko wa plastiki, pampu imeshika hewa. Wakati wa joto, koili yenye presha kubwa ni ile ya chumbani, kwa hiyo hitilafu hiyo hiyo inaonyesha kwamba hewa haipiti. Niliwahi kuitwa na familia moja ambayo fundi wao alikuwa ameshabadilisha pampu ya maji akidhani ameipata sababu. Mbele ya wavu unaorudisha hewa palikuwa pamepangwa maboya ya kujiokolea na mablanketi yaliyoingizwa ndani kwa ajili ya baridi, na nyuma ya wavu, kichungi kilikuwa kimeshika manyoya ya paka kiasi cha kuonekana kama kipande cha zulia. Kiangazi mashine ilivumilia, ikipoza kwa unyonge. Joto lilipoombwa, presha ilipanda na swichi ya usalama ikakata, kama ilivyotakiwa kufanya. Tulihamisha mizigo, tukaosha kichungi, tukanyoosha dakti, ile njia ya kupitishia hewa, iliyokuwa imejikunja nyuma ya kabati, kisha nikapima hewa inayoingia na inayotoka. Tofauti ilikuwa nyuzi 12, na kwa mashine kama hizi tofauti ya nyuzi 8 hadi 14 ni ya kuridhisha.

Maji nayo yana sehemu yake, na wakati mwingine sehemu hiyo si hitilafu hata kidogo. Januari moja, kijana aliyenunua boti yake ya kwanza alinisihi sana niongeze gesi, kwa kuwa mashine iliyompasha joto Novemba nzima sasa ilitoa hewa ya uvuguvugu tu. Nilishusha ndoo kando ya gati, nikatia kipimajoto, tukasoma pamoja: nyuzi 3. Ili gesi ichote joto kutoka maji ya nyuzi 3, ni lazima iwe chini ya nyuzi 0, na hapo maji yaliyomo kwenye koili huanza kuganda. Maji ya Chesapeake karibu na Annapolis ni mchanganyiko wa maji ya mito na ya bahari, kwa hiyo huganda mapema kuliko maji ya bahari kuu. Barafu ikipasua bomba la ndani, maji ya chumvi huingia kwenye mzunguko wa gesi na kompresa haiponi. Kwa sababu hiyo watengenezaji wengi huweka mpaka wa matumizi kwenye nyuzi 4 au 5, na uwezo wa mashine huwa umekwishaanza kushuka maji yakiwa bado na nyuzi 10. Nilimwambia wazi kwamba mashine yake ni nzima, kwamba gesi ya ziada ingemletea hasara, na kwamba kwa miezi miwili ijayo alihitaji chanzo kingine cha joto. Alifunga hita ya dizeli yenye bomba la kutolea moshi nje, na tuliisafisha mashine yake kwa maji ya kuzuia kuganda yale ya rangi ya waridi, ambayo hayana sumu kali.

Wengi wasio na uwezo wa hita ya dizeli hutumia hita ndogo za umeme, na hapo ndipo ninapoingiwa na hofu ya kweli. Usiku wa baridi kali, gati zima likiwa limewasha hita, umeme wa nchi kavu hushuka, na kompresa inayotaka volti 115 hupewa 103, ikanguruma bila kuanza, kisha kinga yake ikaizima. Volti hupimwa kwenye mashine yenyewe, wakati mzigo wote umewashwa. Kipimo cha nguzo ya gatini mchana wa jua hakisemi lolote. Plagi ya ampea 30 inayobeba hita mbili pamoja na kiyoyozi usiku kucha huungua taratibu. Ninaikagua kila boti ninayoingia, na pini za kahawia zenye harufu ya plastiki iliyoungua nimeziona mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Mimi huwaomba wenye boti wasilale na plagi ya namna hiyo hata usiku mmoja. Na mtu asizamie kuzibua tundu la maji wakati boti yake au ya jirani imeunganishwa na umeme wa nchi kavu: katika maji yenye chumvi kidogo, mkondo unaovuja humkaza mwogeleaji misuli akazama bila kupata nafasi ya kupiga kelele, na watu wamekufa hivyo.

Siku hizi, huduma ya Agosti ninaifanya tofauti na nilivyofundishwa. Baada ya kusafisha chujio na kuangalia mwagiko wa maji ubavuni, ambao unatakiwa uwe lita 11 hadi 15 kwa dakika kwa kila BTU 12,000 (kipimo cha uwezo wa kiyoyozi kwa saa), ninakipoza chumba hadi nyuzi 21, kisha naamuru joto. Naiacha mashine kwenye joto kwa dakika chache tu, kwa kuwa bahari ya Agosti ina joto jingi na presha hupanda upesi chumba kikianza kupata moto. Valvu inasogea, mlio wa gesi unasikika, na ninarudisha amri ya baridi. Tarehe, joto la maji, volti na tofauti ya hewa ninaziandika kwa kalamu isiyofutika upande wa ndani wa kifuniko cha mashine, ili fundi yeyote atakayelala chini ya kitanda hicho Novemba akute namba za kulinganisha na zake.